WWOOF: kulima kwa kula na kulala, mi nimejaribu mara mbili

Wakuu, nimeshakaa kwenye mashamba mawili ya kilimo hai nje ya nchi kupitia WWOOF, mtandao unaounganisha watu wa kujitolea na wenye mashamba hayo, na hii kitu ni nzuri sana ila usiende kichwa kichwa. Ilianzia Uingereza 1971, aliianzisha Sue Coppard, enzi hizo watu wanaenda wikiendi tu. Mshahara hamna, unapiga kazi kama masaa 4 mpaka 6 kwa siku, mwenyeji anakupa pa kulala na chakula, basi. Shamba la kwanza nilifundishwa kutengeneza mboji, mama mwenye shamba akanishika mkono akauingiza ndani ya lundo nisikie joto, aise lilikuwa linaunguza kabisa na mvuke unatoka, pale ndo nikaelewa udongo nao unalishwa. La pili hapana, masaa yanaongezeka kila siku, godoro lina unyevu, wiki moja nikaondoka. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi ulizia masaa, siku za kupumzika na utalala wapi, soma na maoni ya waliopita. Na viza jamani! Kuna nchi wanahesabu kujitolea hivi ni kazi, ulizeni ubalozini kwanza. Lile la kwanza nitarudi tena mwakani.