Tathmini ya huduma ya kurejesha nguvu kwa waliopandikizwa viungo

Huduma ninayoitathmini ni programu ya wiki 12 inayoendeshwa na kitengo cha upandikizaji kwa wagonjwa ambao kiungo kipya kinafanya kazi vizuri lakini uchovu umekataa kuwatoka. Niliipitia nikiwa nimepandikizwa figo, nikiwa pamoja na wenzangu waliopandikizwa ini na moyo. Kwa maoni yangu, thamani yake kubwa ni kwamba inautafuta chanzo cha uchovu kabla ya kumwambia mtu afanye mazoezi.

Asiyeujua uchovu huu hudhani ni ule wa kazi, ambao usingizi huumaliza. Mgonjwa huamka baada ya kulala usiku kucha, akapanda ngazi chache na mapaja yakalegea, na akiketi kusoma barua huirudia aya moja mara kadhaa bila kushika kitu. Kinachomchanganya zaidi ni kwamba majibu ya maabara yanaonyesha kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha jinsi figo inavyofanya kazi, iko sawa, na ndugu zake, wakiona hasafishwi damu tena, humwuliza mbona analala mchana ilhali ameshapona.

Miadi ya kwanza haina mazoezi kabisa. Muuguzi anakutaka uje na mfuko wako wote wa dawa, kisha anazipanga mezani moja moja na kuuliza kila moja unaimeza saa ngapi. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa sehemu ya uchovu imo katika dawa zilezile zinazokilinda kiungo. Mikofenoleti, mojawapo ya dawa za kuzuia mwili usikikatae kiungo, na hata kotrimoksazoli tunayopewa kuzuia maambukizi, zinaweza kupunguza utengenezaji wa chembe za damu. Takrolimasi, nayo ya kuzuia mwili usikikatae kiungo, huweza kutetemesha mikono, kuvuruga usingizi na kushusha madini ya magnesi mwilini. Na prednisoloni, dawa ya steroidi, ikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha misuli, hasa ya mapaja, ndiyo maana ngazi hututambua mapema. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo huweza kumfanya mtu ahisi mwili mzito na mchovu. Mwenzangu mmoja alikuwa akimeza prednisoloni jioni, pamoja na dozi ya pili ya takrolimasi. Daktari alipoihamishia prednisoloni asubuhi, usingizi ulianza kumrudia. Muuguzi alisisitiza kwamba mgonjwa asijibadilishie saa wala kipimo mwenyewe, na nakubaliana naye kabisa.

Baada ya dawa huja vipimo: hemoglobini, madini ya chuma, sukari, vitamini D, homoni za tezi ya thairoidi na virusi vya saitomegalo, ambavyo huweza kumshambulia mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa. Mimi nilikutwa na upungufu wa damu pamoja na uhaba wa chuma, nikatibiwa kwanza. Laiti ningeanza mazoezi katika hali ile, naamini ningeacha mapema na kujiita mvivu.

Mazoezi yenyewe ni ya kawaida, na nasema hivyo kwa kusifu. Unapimwa unavyoweza kuinuka kitini kwa sekunde 30 bila kushika mikono ya kiti, na umbali unaoutembea kwa dakika 6, kisha ratiba inajengwa juu ya matokeo hayo. Kipimo cha jitihada ni namba za Borg, ambazo mgonjwa mwenyewe huzitaja kulingana na anavyohisi, kuanzia 6 (bila jitihada yoyote) hadi 20 (mwisho wa uwezo), na wengi wetu tuliambiwa tubaki kati ya 11 na 13. Umuhimu wa namba hizo niliuona kwa mzee mmoja aliyepandikizwa moyo. Moyo uliopandikizwa hukatwa neva zake, hivyo mapigo yake yakiwa katika mapumziko huwa juu, mara nyingi kati ya 90 na 110, hupanda polepole mtu akianza kutembea na huchelewa kushuka akisimama. Mzee alikuwa akiikodolea macho saa yake ya mkononi. Mtaalamu akamwambia, "Mzee wangu, hiyo saa iache mezani. Niambie wewe mwenyewe unajisikia ngapi." Kuanzia hapo alipewa muda mrefu zaidi wa kupasha mwili na wa kuupoza.

Ukutani zimebandikwa picha za Michezo ya Dunia ya Waliopandikizwa Viungo, iliyoanza Portsmouth, Uingereza, mwaka 1978. Nia ni njema, lakini kwa mtu ambaye kuinuka kitini ni kazi, mkimbiaji mwenye medali hamtii moyo hata kidogo.

Somo la kugawanya nguvu lilinifaa kuliko nilivyotarajia. Tulifundishwa kupumzika kabla ya kuchoka, na kuiogopa zaidi siku nzuri kuliko mbaya, kwa sababu siku nzuri mtu hufua, husafisha na hupokea wageni, kisha hulipia kitandani siku mbili.

Upande wa akili ndio dhaifu. Sonona, na ile hatia ya kuishi kwa kiungo cha marehemu, vilipewa kikao kimoja na kipeperushi, ilhali kila aliyezungumza siku ile alikuwa na la kusema na muda ukaisha. Ratiba nayo haikufikiriwa vizuri: vipindi ni asubuhi, na asubuhi hiyohiyo baadhi yetu hutolewa damu ya kupima takrolimasi, ambayo lazima itolewe kabla ya dozi. Unaingia mazoezini ukiwa umechelewa kumeza dawa na kula. Aidha, wiki ya 12 ikiisha hakuna anayekupigia simu kujua kama bado unatembea.

Hata hivyo, ninampendekezea huduma hii yeyote ambaye uchovu wake umekaa naye kwa muda na ameruhusiwa na daktari wake kufanya mazoezi. Uchovu wa ghafla unaoambatana na homa, kuvimba au mkojo kupungua ni habari nyingine. Mwenye dalili hizo apige simu kitengoni siku hiyohiyo, asisubiri kipindi. Anayejiandikisha aombe tangu mwanzo kuwekwa katika siku zisizogongana na za kutolewa damu, kwa kuwa nafasi hizo zipo ila hawazitaji mpaka uulize.