Shotigani ya marehemu baba mkwe: nilivyorefushiwa chemba, na kama ningerudia

Bunduki yenyewe ni shotigani ya kaliba 12, mitutu miwili iliyolala sambamba, kazi ya Birmingham ya mapema miaka ya 1960. Nimeirithi kwa marehemu baba mkwe, mzee wa Herefordshire aliyeitumia miaka yote kuwapiga njiwa mwitu waliokuwa wakimmalizia njegere shambani. Polisi walipokwisha kuiandika kwenye cheti changu niliifungia kwenye kabati la chuma, na Jumamosi iliyofuata nikapita dukani kununua risasi. Muuzaji akanipa boksi la milimita 70 bila kuuliza ni za bunduki gani. Mimi nami sikuuliza. Nilipofika shambani ziliingia laini kabisa.

Nilipiga sita. Bega liliniuma, nikajua ndiyo tabia ya bunduki nyepesi. Kilichonishtua ni maganda. Niliokota moja nikaliangalia vizuri: mdomo umechanika, nyuzi za plastiki zimevutwa mbele kama pindo la kanga iliyochakaa, na upande mmoja umeyeyuka kidogo. Maganda ya bunduki yangu nyingine, ile ya kupigia sahani za udongo, mdomo wake hufunguka mviringo safi. Nikafunga bunduki, nikarudi nyumbani.

Jumatatu nilikuwa kwa fundi wa bunduki. Aliivua mitutu, akaigeuza, akanipa kioo cha kukuzia. Chini pale palikuwa na herufi BNP zenye taji juu yake, yaani alama ya Birmingham kwamba mitutu imejaribiwa, kisha .729 (kipenyo cha mtutu kwa inchi), 2½ na tani 3 (kiwango cha shinikizo). Ile 2½ ni inchi, yaani chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ni ya risasi za milimita 65. Maandishi hayo yalikuwepo siku zote, nami nilikuwa nimeisafisha bunduki ile mara mbili bila kuyasoma.

Fundi alinieleza jambo ambalo natamani muuzaji yule angenieleza. Namba ya kwenye boksi, 65 au 70, ni urefu wa ganda likishapigwa, mdomo umeshafunguka. Risasi ambayo haijapigwa ni fupi kuliko hapo, kwa hiyo ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila ubishi wowote. Ubishi unaanza baruti ikishawaka. Mdomo wa ganda hauna pa kufungukia, unaingia kwenye ile sehemu chemba inapoanza kubana kuelekea mtutu, na marisawa yote inabidi yapenye kwenye tundu lililopungua. Shinikizo linapanda, na bunduki inayopandishiwa shinikizo ni hiyo hiyo yenye umri wa miaka sitini.

Kisha akapima unene wa kuta za mitutu kuanzia nyuma hadi mbele, akiandika kwa penseli. Ilimchukua kama nusu saa na hakunitoza hata senti. Mahali pembamba zaidi palikuwa na milimita 0.7, alisema kwa kaliba 12 akikuta chini ya nusu milimita huirudisha bunduki kwa mwenyewe bila kuigusa. Ushauri wake wa kwanza ulikuwa nisifanye lolote: ninunue risasi za 65, ambazo Eley na Hull Cartridge wanazitengeneza hadi leo, nipige maisha yangu yote. Fundi anayekukataza kazi ambayo ingemlipa, mimi namwamini.

Hata hivyo niliomba airefushe. Nyumbani kuna bunduki mbili na koti moja la shambani. Risasi za 70 za bunduki ile nyingine zingebaki mfukoni siku moja, zingeingia kwenye hii, na asubuhi yenye ukungu hakuna anayesoma maandishi ya ganda. Pia mwanangu ameanza kufuatana nami. Sikutaka usalama wake utegemee kumbukumbu yangu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: Uingereza, chemba ikishakerezwa tu, alama za zamani hazina maana tena, na kuiuza bunduki hiyo kabla haijajaribiwa upya ni kosa la jinai. Sheria ya mambo haya ni ya 1868. Mitutu yangu ilipelekwa Birmingham kwenye Proof House, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1813 kwa kazi hiyo, ambako hupigwa risasi maalumu zenye nguvu kupita zote utakazowahi kupiga wewe. Mtutu ukivimba au kupasuka, hasara ni yako. Nilisaini karatasi inayosema hivyo, na usiku ule sikulala vizuri. Haikuwa fedha tu. Ile ni bunduki ya baba yake mke wangu.

Ilifaulu. Kazi nzima ilichukua wiki sita na kunigharimu kama pauni 350. Nikiielekeza mitutu dirishani naona chemba inaungana na mtutu kwa mteremko laini, hakuna mkwaruzo. Chini kuna alama mpya zinazosomeka 70. Nilipiga risasi 25 zenye marisawa ya gramu 28 kwenye uwanja wa sahani na nikaokota maganda yote 25. Yote yamefunguka mviringo.

Malalamiko ninayo. Wiki tatu za katikati sikupata neno kutoka kwa fundi, na mtu anayesubiri kujua kama mitutu imepasuka anastahili simu. Tena, kurefusha chemba hakuongezi uzito: bunduki yangu haifiki kilo 3, na nilipojaribu gramu 32 bega lilipiga kelele kwenye risasi ya nne. Risasi za chuma zenye nguvu kubwa bado ni mwiko kwake, maana hizo zinataka bunduki yenye alama ya ua la yungiyungi, inayoonyesha imejaribiwa kwa risasi za aina hiyo. Pasipotakiwa marisawa ya plumbi, yale ya kawaida ya madini ya risasi, napiga ya madini ya bismathi, ghali lakini laini kwa mitutu. Siku nyingi, kusema kweli, napiga zile zile za 65 ambazo fundi aliniambia tangu mwanzo, na bunduki inazipenda.

Kwa hiyo, kama una shotigani moja tu nyumbani, usihangaike. Nunua za 65. Kama unazo mbili zinazotumia mfuko mmoja, ningerudia kazi hii kesho. Ila asikudanganye mtu kwamba kifaa cha kukerezea kinauzwa na unaweza kujifanyia gereji. Kukereza ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Kupima kabla na kujaribiwa baada ndiko unakolipia.

Niliyasimulia haya kwa baba mdogo aliyeko Iringa, ambaye ana shotigani ya Kiingereza ya kufukuzia ngedere kwenye mahindi. Akanijibu, "Mwanangu, risasi ikiingia si imeingia?" Nikamwomba avue mitutu anipigie picha ya chini. Picha ilikuja jioni, ina vumbi na mafuta, lakini 2½ inasomeka. Boksi lake la 70 ameliweka kando, na anatafuta za 65.