Famasi ya Kirumba: bei imechangamka ila nitarudi

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimewanyima sababu bei iko juu na bima hawapokei, mjipange.

Mwanangu ana miaka 7, alifanyiwa upasuaji wa moyo Dar pale JKCI (Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete), karudi Mwanza na mfuko wa dawa, mojawapo kaptoprili, dawa ya presha, nusu kidonge mara 3 kwa siku, ile ukiivunja inanuka kama yai viza (wenye watoto wa moyo mnaijua, na mtoto naye anaijua, akiisikia tu kashakimbia). Wiki ya tatu kikaanza kikohozi kikavu, makohozi hamna, homa hamna, usiku ndo balaa. Mi nikasema vumbi la dagaa si tunakaa karibu na mwaloni, bibi yake akasema upepo wa ziwa. Duka la kwanza silitaji, wakanipa sirapu ya kikohozi na Brufen (ile ya maumivu) juu, hata kuuliza mtoto anatumia nini hawakuuliza, nami nikalipa nikaondoka.

Sasa hapa Kirumba dada wa kaunta kabla hajagusa kabati akaniuliza, "Mama, yuko kwenye dawa gani zingine?" Nikamwaga mfuko wote pale. Akasema kikohozi hicho kinaweza kuwa kinaletwa na hiyohiyo dawa ya presha, sirapu haitafanya kitu, na Brufen niweke mbali kabisa maana ikikutana na kaptoprili na ile dawa ya kukojosha iliyokuwa mfukoni, figo za mtoto zinaweza kuumia. Akauliza kama anapata kizunguzungu akiinuka, na lini mara ya mwisho alipimwa damu kuangalia figo na potasiamu. Akanionya pia akiharisha au kutapika sana nimpigie daktari hapohapo, maji yakipungua mwilini presha inashuka vibaya. Na hakuniuzia kitu jamani! Kasema dawa nisiache kwa kujiamulia, niongee na daktari wa kliniki kwanza. Nikapiga simu, tukaonana, akambadilishia losatani, baada ya wiki 2 na kitu kikohozi kikaisha chenyewe.

Losatani nimenunua kwa yule dada wa Kirumba, akanikatia na kale kakifaa kenye wembe, nusu zote zinalingana, mi na kisu cha jikoni ilikuwa moja kubwa moja ndogo nyingine unga mtupu.

Nendeni asubuhi lakini. Jioni foleni mpaka barazani na anayehudumia ni kijana mwingine, ana haraka zake huyo.