Kutembezwa kwa miguu Mji Mkongwe Bagamoyo, nendeni ila muwahi asubuhi

Jumamosi nilienda Bagamoyo na wanangu wawili tukapata mzee wa kututembeza, 20,000 kwa watu watatu, na hela hiyo nimeitoa kwa roho safi kabisa. Nishatembezwa huko mara mbili na watu wengine, ni hii ngome, ule mlango, pigeni picha twende. Huyu mzee kwanza alitukalisha kivulini karibu na bahari akaanza na Aprili 1888, Sultani Khalifa wa Zanzibar kakodisha pwani yote toka mto Umba hadi mto Ruvuma kwa kampuni ya Wajerumani miaka 50, wenye miji yao hawakuulizwa kitu. Agosti wakaja kushika forodha, ushuru wa misafara ndo ilikuwa riziki ya watu hapa, kisha wanataka bendera yao ipande na watu wakaandikishe mashamba yao wenyewe. Halafu Pangani yule Zelewski, mtu wa kampuni, watu walimwita Nyundo, akaingia msikitini na mbwa, tena siku za Idi. Mzee alivyofika hapo akanyamaza, mwanangu mdogo akasema babu hapo mi ningepigana.

Mi shule nilisoma mistari miwili tu kuhusu Abushiri, yule aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, kama vile aliamka siku moja ana hasira zake. Kumbe moto ulikuwa unakolezwa mwezi hadi mwezi, Septemba kampuni imefukuzwa karibu pwani nzima imebaki Bagamoyo na Dar es Salaam tu, hadi serikali yao Ujerumani ikamtuma afisa wao Wissmann na askari wa Kisudani na wengine wa Msumbiji!!

Boma na Ngome Kongwe tulipita haraka, sawa tu. Makaburi ya Wajerumani ndo yalinishika, nasoma majina ya waliokuja kutupiga wakati wa kwetu waliokufa Bagamoyo mi simjui hata mmoja kwa jina, iliniuma sana.

Kasoro ni jua, tulianza saa nne, pale Wajerumani walipokuwa wananyongea watu tulifika watoto wamechoka mzee akaongea dakika mbili tu, na pale ndo nilitaka akae. Anzeni saa moja, bebeni maji, na mwambieni mnataka habari za 1888 zote asiruke. Likizo ijayo nawapeleka wanangu Pangani, ndo Abushiri alinyongwa kule, 15 Desemba 1889, mdogo kashaniuliza mara tatu tunaenda lini.