Samadi ya mvua ndefu: ipi ununue Nakuru, ipi uiache juu ya pikapu

Mvua ndefu zikikaribia, simu yangu hujaa picha zilezile. Miche ya sukuma wiki iko shambani wiki ya tatu, majani ya chini ni ya manjano, kimo ni kilekile cha siku ya kupandikizwa, na chini yake swali: "Nimeweka mbolea ya kuku tele, shida nini?" Mwaka huu zimetoka Kiamunyi, Lanet na Free Area. Basi tuzungumzie kununua, lakini vipimo vya naitrojeni na rangi ya udongo waulize wengine. Mimi nina swali moja ambalo muuzaji hapendi kuulizwa: hii imeiva?

Angalia gunia la mbolea ya kuku linatoka wapi. Kuku wa nyama hulelewa juu ya maranda ya mbao. Wakishauzwa, banda hufagiwa lote na kila kitu kinaingia guniani, kinyesi kidogo, maranda mengi. Kinyesi kibichi hutoa amonia inayochoma mizizi. Maranda nayo yana kaboni nyingi na naitrojeni haba mno, kwa hiyo vijidudu vinavyoyaozesha huchota naitrojeni iliyomo udongoni, ileile mche wako unayoitegemea. Mche unaungua kwanza, kisha unakaa na njaa. Mwenye shamba akiona manjano anarudi kununua gunia la pili.

Dawa yake ni muda. Lundo lililoloweshwa na kugeuzwa vizuri hupanda joto hadi nyuzi 55 au 65, kiasi cha kuua mbegu nyingi za magugu na vimelea, kisha hupoa na kukaa hadi usiweze kutambua lilikuwa nini. Ukiona maranda bado ni maranda, rudi nyumbani na pesa zako.

Kupima ni rahisi. Chomeka kijiti katikati ya gunia, kiache dakika chache, ukitoe na kukishika. Kikiwa na joto, bado linapikika. Ukiruhusiwa kuondoka na sampuli, ilainishe kwa maji kidogo, ifunge kwenye mkebe wenye kifuniko siku tatu, kisha fungua. Ikikupiga harufu ya amonia au ya kuoza, haijaiva. Wenye subira wapande pia maharagwe machache kwenye mchanganyiko wa samadi hiyo na udongo, na mengine kwenye udongo mtupu, walinganishe majani ya kwanza. Muuzaji atakayekucheka kwa haya yote umeshamjua.

Namba moja kwangu ni Evergrow, na sijifichi, naipendelea. Ilitokana na kazi ya Sanergy, wale waliosambaza vyoo vya Fresh Life mitaa ya Mukuru, Nairobi, wakageuza uchafu uliokusanywa kuwa mbolea. Shangazi yangu alipoelezwa asili hiyo alisukuma sahani ya mboga. Baadaye alikula. Ninachoipendea ni kwamba mfuko wa leo unafanana na wa msimu uliopita, ni laini, na sijawahi kukuta kipande cha mbao ndani. Bei yake haikuruhusu kutandaza kitalu kizima cha mboga, kwa hiyo itunze kwa miche na mashimo ya kupandikizia, konzi moja kila shimo.

Namba mbili ni ya mbuzi, iliyokauka na kukaa, inayoteremka kutoka upande wa Mogotio na Baringo. Ni nyepesi kubeba na haina maranda. Ila uliza imetoka sehemu gani hasa. Mathenge, mti ulioletwa Baringo miaka ya 1980, husambaa kupitia tumbo la mbuzi: anakula maganda yenye sukari, mbegu zinatoka nzima. Ni maganda hayohayo yaliyowang'oa mbuzi meno hadi Wailchamus, wenyeji wa huko, wakampeleka mmoja mahakamani kama ushahidi. Ilundike upya na uiache ipate joto kabla ya kutumia, la sivyo utang'oa miiba katikati ya spinachi.

Ya ng'ombe wa zero-grazing kutoka Bahati au Njoro ni ya tatu. Ni nzuri ikikaa, lakini pekua mizizi ya thang'ari, lile gugu la nyasi litambaalo. Kipande kimoja kinatosha kukuharibia msimu. Ya kuku ni ya mwisho, isipokuwa ya kuku wa mayai iliyolundikwa miezi kadhaa. Udongo mweusi wa msituni unaouzwa kando ya barabara sitaupa nafasi.

Mtauliza mbona sijaandika bei kwa gunia. Kwa sababu gunia si kipimo! Viazi viliwekewa kanuni ya kilo 50, na bado dalali akinunua viazi gunia huvishwa kilemba, yaani hujazwa kupita mdomo wake. Mimi nikinunua samadi, gunia hilohilo linafungwa shingo chini kabisa, robo yake hewa. Nenda na ndoo yako ya lita 20, muuzaji apime mbele yako, mpatane kwa ndoo. Na usinunue Machi. Gunia lililoshinda Novemba likiombewa mteja hupanda bei wingu la kwanza likionekana, eti mafuta yamepanda. Nunua Desemba, lundika, funika, liive kwako.

Sukuma wiki huchukua wiki nne hadi sita kitaluni, kwa hiyo sia mwishoni mwa Februari. Changanya ndoo mbili za udongo na moja ya mboji iliyoiva. Udongo wa Lanet hupitisha maji upesi, usiuongezee mchanga; ule mfinyanzi mweusi wa Kano, Kisumu, unauhitaji. Managu mbegu zake ni ndogo sana, zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzimwage kwenye mistari.

Wasomaji wa Maseno na Kakamega, kabla ya kufungua pochi kateni majani mabichi ya alizeti mwitu, ile ya maua ya manjano kwenye nyua. Watafiti wameifanyia kazi hukohuko magharibi, na majani yake yana naitrojeni na potasiamu nyingi. Yakatekate, yafukie wiki moja au mbili kabla ya kupandikiza.

Anayeagiza kwa pikapu akubaliane na dereva juu ya kushusha kabla gari halijaondoka. Kuna wanaofika getini na kutangaza kwamba bei ilikuwa ya kupakia tu.