Cherehani nyeusi ya kanyagio: je, inafaa kwa blanketi la viraka la Krismasi?

Desemba ikifika, mafundi wa Kiyembe, Kampala, huzidiwa na nguo za sikukuu, na chini ya meza zao hulundikana vipande vya vitenge. Ukitaka kuvigeuza blanketi la viraka nyumbani, cherehani inayofaa zaidi bado ni ile nyeusi ya chuma, ya kanyagio, iliyoundwa kwa mfano wa Singer 15. Inashona mshono ulionyooka tu, na kazi ya viraka haidai zaidi ya huo. Umeme ukikatika, unaendelea kushona.

Ukienda kununua, maua ya dhahabu yaliyochorwa juu yake yasikushughulishe. Zungusha gurudumu la mkono polepole: likiwa jepesi hapa na zito pale, kuna vyuma vinavyokwaruzana ndani. Shika mhimili wa sindano, kile chuma kinachobeba sindano, uutikise. Mhimili ukicheza, mishono itaruka kila viraka vinapokutana. Kisha pitisha ukucha kwenye tundu la bamba, pale sindano inapozama. Sindano iliyowahi kugonga hapo huacha kikwaruzo kidogo, na hicho ndicho kinachokata uzi bila sababu kuonekana. Kikwaruzo husawazishwa kwa msasa laini. Mhimili uliolegea, achana nao.

Kwenye kuunganisha viraka, mashine hii ni hodari kweli. Kitenge chenye upana wa inchi 44 hutoa miraba 6 ya inchi 6 na nusu kwa kila safu, hivyo yadi 2 hutoa 66. Mshono hula robo inchi kila upande, kila mraba ukabaki inchi 6; kwa hiyo blanketi la mtoto, inchi 42 kwa 54, linahitaji 63. Fua kitambaa kwanza, chekundu peke yake, maana rangi yake huweza kuchuja na kuharibu cheupe. Bandika utepe wa karatasi kwenye bamba, robo inchi kutoka sindano, ukingo wa kitambaa uufuate. Ukizidisha sehemu 1 ya 16 ya inchi tu katika kila mshono, kwa kuwa hupotea pande zote mbili, safu ya miraba 9 inapungua inchi nzima, na safu hazitaoana tena. Sindano namba 14 inatosha, na ukihesabu matundu 10 ya sindano katika inchi, urefu wa mshono uko sawa.

Udhaifu unaanza pale unapoweka tabaka tatu: viraka, blanketi jembamba katikati, shuka chini. Meno yaliyo chini ya sindano huvuta shuka, kiguu kinachokandamiza kitambaa kinazuia viraka, na baada ya futi mbili, juu kuna mkunjo. Legeza skrubu ya kiguu iliyo juu ya kichwa, weka sindano namba 16, na ubane tabaka zote kwa pini za usalama kila upana wa kiganja. Anza katikati ukielekea pembeni. Nafasi kati ya sindano na shingo ya mashine haifiki inchi 8, kwa hiyo upande wa kulia lazima uviringishwe kama mkeka.

Uzi ukifanya fundo kubwa chini, wengi hukimbilia bobini, kigurudumu chenye uzi wa chini. Kosa mara nyingi liko juu: uzi ulipitishwa kiguu kikiwa chini, sahani za mkazo, zile mbili ambazo uzi hupita katikati yake, zikiwa zimebana, ukabaki nje. Inua kiguu, pitisha upya. Wanaoanza pia hukanyaga vibaya, gurudumu likarudi nyuma na uzi ukajisokota. Lianzishe kwa mkono, sehemu ya juu ije kwako, ndipo mguu ufuate. Mafuta yawe ya cherehani, tone moja kila tundu. Ya kupikia huganda na kuifanya mashine nzito kama jiwe.

Kwa kitanda cha watu wawili hatuipendekezi kushonea tabaka zote; blanketi lililoviringishwa halipiti shingoni. Unganisha viraka kwa mashine, kisha funga tabaka kwa mkono: uzi mnene, fundo mbili, kila inchi 4.