Mustang ya 1967 au Corolla ya 2012 kwa gari la kwanza?

Kijana wa Houston mwenye leseni mbichi akiniuliza achukue ipi, moyo utasema Mustang, mdomo utasema Corolla.

Tuanze na breki. Mustang nyingi za 1967 zilitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne. Za diski, tena za mbele tu, ulilipia zaidi. Zile za ngoma zikishapata moto kwenye mteremko, unakanyaga na gari bado linakwenda. Hakuna ABS (kinga ya magurudumu kujifunga ukikanyaga breki ghafla) wala eabegi, na mkanda mara nyingi ni wa kiunoni tu. Sasa weka injini ya V8 (silinda nane) ya lita 6.4 inayosukuma magurudumu ya nyuma: kwenye kona yenye maji, ukikanyaga mafuta vibaya, mkia unataka kukutangulia. Corolla ina kinga zote hizo, pamoja na mfumo wa kuzuia gari kuserereka.

Mafuta? Corolla kilomita 12 hivi kwa lita. V8 ile ukipata 5, shukuru.

Ila kwa kujifunza ufundi, Mustang haina mpinzani. Fungua boneti: kabureta, inayochanganya mafuta na hewa, ile pale, hakuna kompyuta ya kukuficha kitu.

Kuna na bima. Kampuni nyingi zinazokatia magari ya zamani hutaka uwe na gari jingine la kila siku, na miaka kadhaa barabarani. Kwa hiyo anza na Corolla. Siku ukienda kutazama Mustang, kwanza papasa zulia la upande wa dereva: likiwa na unyevu, huenda kutu imeshatoboa bati chini ya kioo cha mbele.